Sindano na Bamvua

Nyinyi mlioingia kazini mwaka huu mmepewa simu, na ndani ya simu mna fomu, na ndani ya fomu mna swali: "Je, mgonjwa husikia sauti ambazo wengine hawazisikii?" Ukishajibiwa ndiyo au la, unabonyeza, unakwenda mbele. Swali hilo nalijua tangu enzi lilipokuwa kwenye karatasi. Mara ya kwanza kuliuliza bila mkubwa wa kunisimamia nilikuwa Gazi, kwa bibi mmoja ambaye wajukuu zake walisema amerukwa na akili, kwa sababu alikuwa akicheka peke yake uani.

Nikamwuliza kwa adabu zote. Bibi akafikiri, akasema, "Ndiyo, nasikia." Muuguzi mgeni akipata mgonjwa wa kweli hufurahi kama aliyeokota lulu, Mungu anisamehe. Nikamwuliza anasikia nini. "Namsikia jirani akisengenya watu." Na wajukuu mbona hawasikii? "Hao masikio yao yamejaa redio." Nilikuwa nimeshaandika mistari miwili nilipojiwa na wazo la kunyamaza kidogo. Nikanyamaza. Nyuma ya ua wa makuti nikamsikia jirani, sauti nyembamba na habari nene. Mimi mwenyewe nikacheka, na bibi akanitazama kwa jinsi ya kuniuliza kama na mimi nitaitiwa muuguzi kesho. Nikakata ile mistari miwili, nikaaga.

Mimi ni Hamadi, mtoto wa Mkongani, muuguzi wa afya ya akili mstaafu. Kusini yote ya Kwale waliniita Daktari Hamadi, nami sikuwahi kuwasahihisha kwa nguvu. Kituo nilichofanyia kazi sitakitaja, maana bado nakwenda pale kupimwa presha na sitaki mtu anibane mkono kwa hasira. Wakubwa wenu wameniomba niwaandikie mambo yatakayowafaa. Nadhani walitaka mafanikio yangu. Nimejaribu kuyaandika, yakajaza nusu ukurasa tu. Makosa yana nafasi zaidi, na hufundisha vizuri zaidi, hasa yakiwa ya mtu mwingine.

Tuanze na ugonjwa wenyewe. Skizofrenia si kuwa watu wawili ndani ya mwili mmoja. Hayo ni mambo ya sinema. Ni ugonjwa wa ubongo. Mtu husikia maneno yasiyo na msemaji, au huamini kwamba anafuatwa, na kwake yeye ni kweli kama chai iliyo mbele yenu. Usibishane naye kwamba chai haipo. Usimwambie pia kwamba nawe unaiona. Mwulize tu ikoje, na inamfanya ajisikieje. Halafu kuna upande wa pili ambao hakuna anayeukimbilia: upande wa kimya. Mtu haogi, haongei, hapiki, anakaa tu. Anayepiga kelele huletwa kituoni siku ile ile, amebebwa na wanaume wanne. Anayenyamaza huletwa baada ya miaka mitatu, wakati jamaa wameshamaliza kumwita majina yote ya mtu mvivu.

Nilipokuwa kijana nilipenda kueleza haya kwa mifano. Niliwaambia jamaa wa mgonjwa mmoja, huko kwetu Mkongani, kwamba ubongo wa kijana wao ni redio inayoshika stesheni mbili kwa wakati mmoja. Walifurahi sana. Nilirudi nyumbani nikijiona mwalimu. Wiki ya pili kijana akaletwa, amenyolewa kipara kinang'aa, na mjombake amesimama nyuma yake kwa fahari. "Tumeshaondoa eriali, daktari," akasema. Kijana masikini alikuwa ana baridi ya kichwa na sauti zake ziko pale pale. Tangu hapo mifano nimeipunguza, nanyi ipunguzeni.

Aliyenifundisha kazi ni Sista Mbithe, Mkamba wa makazi ya Shimba Hills, Mkristo wa kila Jumapili, mwanamke mnene mwenye viatu visivyotoa sauti. Chuoni tulikuwa tumefundishwa kwamba ukimtembelea mgonjwa kaa karibu na mlango, ili hali ikichafuka upate kutoka. Siku ya kwanza nikaingia nyumba ya mgonjwa, nikavuta kiti, nikakaa kizingitini.

"Wewe Hamadi, mbona unakaa hapo kama askari?" akasema Sista. "Hiyo mlango ni yake. Sasa yeye akiogopa atapitia wapi?"

Sikuwa nimefikiri kwamba na yeye anaogopa. Akanipangia kiti upande, mahali ambapo kila mmoja wetu angeufikia mlango bila kumgusa mwenzake. Nimekaa hivyo miaka yangu yote na sijawahi kupigwa, isipokuwa mara moja, na siku hiyo nilistahili. Jambo lake jingine lilikuwa chai. "Ukikataa kikombe ya mgonjwa," alisema, "umeshamwambia yeye ni uchafu. Kunywa." Nimekunywa chai yenye sukari ya kumlaza farasi. Presha ninayopimwa leo nadhani imeanzia huko.

Na waganga. Mnaniuliza kila mara mkinikuta sokoni Ukunda: tuwafanyeje waganga? Nilianza kazi nikiwa na jibu tayari. Niliwaambia jamaa waache uganga, waache kumpeleka mtu kusomewa, waje kwangu tu. Hawakuacha. Walichoacha ni kuniambia. Nikawa natibu watu nusu, nusu nyingine ikitibiwa kwingine kwa siri, na mimi sijui mgonjwa amenyweshwa nini. Sista Mbithe, ambaye hakuwa na haja ya kutetea mganga wala shehe, aliniuliza, "Hamadi, huyo mganga anakaa na mgonjwa saa ngapi?" Nikasema labda mchana kutwa. "Na wewe?" Mimi nilikuwa nakaa dakika saba, nne kati ya hizo nikiandika. Basi nikabadilisha maneno. Someni, niliwaambia, Qur'ani ni shifaa, na vidonge ameze baada ya dua. Ila asifungwe kamba, asipigwe, asinyimwe chakula. Wengi walikubali. Waliokataa kabisa hawakufika watu watano, na mmoja wao leo ni mhudumu wa afya, tena mkali kuliko mimi.

Nimezunguka sana. Ni kwa sababu kisa ninachotaka kuwapa kinaniuma, na mtu huzunguka penye maumivu. Kilinipata Kibuyuni, baada ya Sista Mbithe kustaafu na mimi kuachiwa kliniki, nikiwa sina tena mtu wa kuniuliza maswali.

Mwanajuma alikuwa mkulima wa mwani. Kwa wasiojua, mwani hupandwa baharini, mahali ambapo maji yakipwa mchanga hubaki wazi. Mwanamke hukita vigingi, huvuta kamba kutoka kigingi hadi kigingi, kisha hufunga mbegu za mwani kwenye kamba kwa nyuzi, moja moja, mamia kwa mamia. Ni kazi ya vidole. Mwanajuma aliugua baada ya kuzaa mtoto wa pili. Mumewe alikwenda Diani kutafuta kazi ya hoteli, akasahau njia ya kurudi. Mwanamke akabaki na mamake, watoto wawili, na sauti zilizokuwa zikimwambia asubuhi hadi jioni kwamba hafai kitu.

Nilimwanzishia sindano, ile ya kila wiki nne, siku yetu ya kliniki ikiwa Jumanne. Akapata nafuu nzuri. Akarudi baharini. Nikajisifu.

Kisha likaanza jambo ambalo lilinikera miaka miwili. Mwanajuma alikuwa akihudhuria mara sita mfululizo, hakosi, amevaa buibui safi, amekaa kwenye benchi kabla sijafungua mlango. Halafu anapotea. Mara tatu, mara nne, haonekani. Sauti zinarudi, anatembea barabara ya Shimoni akijibizana nazo, mamake anamleta analia, tunaanza upya. Tena mara sita vizuri, tena anapotea. Kwenye faili niliandika neno moja: "Hashikiki."

Siku moja nilimwuliza. Haya ni mazungumzo yetu kama nilivyoyaandika, maana faili niliwahi kulisoma tena, na sikupenda nilichokisoma.

"Shikamoo, daktari."

"Marahaba. Mwanajuma, mbona unanikimbia?"

"Sikukimbii. Dawa yako na mwezi haviendani. Kuna nyakati naja, na kuna nyakati mwezi unakuwa umefika mahali ambapo siwezi kuja."

"Mwezi gani?"

"Huu wa juu." Akaonyesha dari. "Mwezi ukiandama, na ukiwa mpevu, maji yanapwa sana. Sasa nikiwa nimechomwa, vidole vinakataa."

Kalamu yangu ilikuwa tayari inakwenda. Niliandika: "Anaamini mwezi unaathiri dawa na kuendesha vidole vyake. Imani potofu." Nikapendekeza dozi iongezwe. Daktari wa akili aliyekuwa akija kutoka Mombasa akatia saini bila kuinua uso, kwa kuwa aliniamini.

Mnielewe, mimi ni mtu wa Mkongani. Kwetu ni mahindi na mihogo. Maji ni ya kisima, na kisima hakipwi. Mwezi tunautafuta kwa ajili ya kufunga Ramadhani na kufungua, baada ya hapo kila mtu na shughuli zake. Nilikuwa nimefanya kazi pwani miongo miwili nikitazama bahari kutoka dirishani mwa gari la kituo. Neno bamvua, yaani siku hizo za maji kujaa na kupwa sana, nilikuwa nalijua kama ninavyojua jina la mke wa waziri: nimelisikia, halinihusu.

Miezi michache baadaye akaja ofisini Bi Tima, mwenyekiti wa kikundi cha wanawake wa mwani. Mama wa makamo, mfupi, hakai mpaka umkaribishe mara mbili. Akanieleza kwamba kikundi kina kanuni: shamba likikaa mabamvua mawili bila kufungwa mbegu, hupewa mwingine, maana mahali pazuri baharini si pengi na kuna mwanamke anasubiri. Shamba la Mwanajuma sasa limelala. Mbegu chache alizofunga zimefunguka na kwenda na maji. Kikundi hakitaki dhambi. Kinataka kujua kutoka kwa daktari: ataweza kazi au hataweza?

Mnajua mtu akikuita daktari na kukuomba barua unavyojisikia. Nikachukua karatasi yenye kichwa cha kituo. Nikaandika kwamba, kwa usalama wake, mgonjwa hafai kwa kazi ya majini hadi itakapoamuliwa vinginevyo. Nikapiga muhuri. Bi Tima aliisoma mara mbili, akaikunja, akatoka bila kunishukuru, nami nikamwona hana adabu.

Jumanne iliyofuata Mwanajuma alikuja kuchomwa, akaondoka. Kesho yake akaja mamake peke yake, amefika kwa pikipiki, vumbi mpaka kwenye kope.

"Daktari Hamadi, kikao ni Alhamisi. Wanampa mtu shamba la mwanangu."

"Mama, ni kwa ajili ya usalama wake."

"Usalama gani? Mume hana. Jina zuri hana. Kila asubuhi anaamka kwa sababu zile kamba zipo. Ukimwondolea, mimi nitamwamsha kwa nini? Niambie wewe uliyesoma, nimwambie amka ufanye nini?"

Nikamwambia nitakuja kwenye kikao. Nilikusudia kuitetea barua yangu. Nilidhani wanawake hawakuielewa vizuri, na kwamba nikiwaeleza kwa ufasaha wataona hekima yake.

Alhamisi nikafika Kibuyuni saa nne asubuhi na begi langu la kazi, nimevaa viatu vya ngozi na soksi. Nyumba zote kimya. Nikamkuta mzee mmoja akianika samaki, nikamsalimu, nikamwuliza kikao cha akina mama kiko wapi.

"Kiko baharini," akasema.

"Baharini wapi?"

"Baharini, baba. Leo bamvua. Nani atabaki nyumbani?"

Kumbe ndiyo desturi yao. Kikundi hukutana siku za bamvua, saa maji yamekwenda mbali, huko huko penye kamba, kwa kuwa ndiyo siku pekee wote wapo mahali pamoja. Wanafunga mbegu na kuzungumza. Agenda hupangwa kwa umuhimu, na kikao hufungwa maji yakifika magotini, jambo liwe limekwisha au halijaisha. Nimehudhuria semina nyingi katika hoteli za Diani, na bado sijaona mwenyekiti mwenye nguvu kama maji.

Nikavua viatu, nikakunja suruali, nikatia begi kichwani. Wanawake waliniona nikija kwa mbali na sikuhitaji fomu yoyote kujua kwamba kicheko kile kilikuwa cha kweli na kilinihusu mimi.

Nikamwona Mwanajuma. Alikuwa ameinama kwenye kamba pamoja na mamake. Mkono wa kushoto ameshika mbegu, wa kulia anajaribu kuzungusha uzi. Kidole gumba kilikuwa kikisuguana na cha shahada, kikitetemeka bila kupumzika. Viwiko vimekakamaa. Uso hauna mkunjo hata mmoja, hauchukii wala haufurahi. Kila fundo moja lilimchukua muda ambao jirani yake alifunga kumi, na likishafungwa lililegea, mbegu ikaanguka mchangani, akaiokota, akaanza tena. Alikuwa halalamiki. Mamake alikuwa akifunga upande wake haraka haraka na kumtupia jicho.

Mimi niliyasomea hayo. Kutetemeka, kukakamaa, uso mkavu: ni madhara ya dawa tuliyokuwa tukitumia, hasa dozi ikizidi, na huzidi siku za mwanzo baada ya sindano. Ningeyataja katika mtihani nikiwa usingizini. Lakini kliniki alikuwa akikaa na mikono ndani ya buibui, nami nilikuwa nikimwuliza habari za sauti tu. Sikuwahi kumwambia, mwanangu, hebu nione mikono.

"Amechomwa Jumanne," Bi Tima akasema nyuma yangu. "Mpaka Jumapili atakuwa hivyo. Kikundi kizima tunajua. Wewe hukujua?"

Mwanajuma akainuka polepole. Hesabu yenyewe alinieleza yeye, sauti moja, bila hasira, mguu umezama kwenye mchanga. Wiki zangu nne ni siku ishirini na nane. Mwezi wa angani unazidi hapo kwa siku moja na nusu hivi. Kwa hiyo kila kliniki huanguka mahali tofauti na ile iliyopita. Sindano ikiangukia maji mafu, bahari isipokupwa vya kutosha, mikono hukakamaa akiwa nyumbani, ikalegea kabla ya bamvua. Hizo ndizo zile mara sita alizokuja. Kisha huanza kuangukia bamvua, mara tatu au nne, na akichomwa hapo hawezi kufunga hata mbegu moja. Basi akawa anachagua: aje kwangu apoteze shamba, au asije apoteze akili. Safari hii, kwa kuwa mamake alilia, alichagua kuja.

"Ungekuja tu siku nyingine," nikasema.

"Nilikuja. Jumatatu, bamvua limekwisha. Ukaniambia si siku yangu."

Nilikumbuka. Nilikuwa hata nimemwonyesha kwa kidole kibao cha mlangoni.

Yaliyofuata kituoni nawapa hapa kwa kifupi, kwa kuwa ni ya kazi na yatawafaa. Dozi haipunguzwi na muuguzi kwa huruma wala kwa haya. Nilimwandikia daktari wa Mombasa, akamwona Mwanajuma mwenyewe, akaipunguza taratibu na kuongeza kidonge cha kulegeza mkakamao. Baada ya muda alimhamishia dawa nyingine iliyomfaa zaidi. Leo mna dawa nyingi kuliko tulizokuwa nazo, zikiwapo dukani. Kila moja ina madhara yake, na mgonjwa huyajua kabla yenu. Sauti hazikuisha zote. Zilipungua, zikawa za kuvumilika. Nafuu mara nyingi ndivyo ilivyo, msiwadanganye watu.

Na tarehe za watu wa Kibuyuni nilizihamishia siku za maji mafu. Nilikwenda kwa mkuu wa kituo na kalenda ya mwezi mkononi, nikamwambia nataka kupanga sindano kwa kufuata mwezi, kwa sababu mwezi unahusika na vidole vya wagonjwa. Akaweka kalamu chini. Akanitazama kwa upole ambao niliutambua mara moja, maana nilikuwa nimeutumia kwa wengine miaka mingi. "Hamadi," akasema, "umekuwa ukilala vizuri?" Ilinichukua wiki mbili kumshawishi, na nina hakika kuna mahali ameniandika.

Turudi kwenye kikao. Maji yalikuwa yameanza kurudi, yamefika kwenye vifundo vya miguu. Bi Tima akapiga makofi, wanawake wakasogea bila kuacha nyuzi zao. Akaitoa barua yangu kwenye mfuko wa plastiki, akasema, "Daktari mwenyewe amekuja. Aseme."

Nikaanza kusema. Nilisema kwa ufasaha, kuhusu dozi, kuhusu madhara yasiyotarajiwa, kuhusu ushirikiano wa jamii na wataalamu. Maji yakapanda. Mwanajuma akanikatiza, na alikuwa si mtu wa kukatiza watu.

"Sauti zangu zinaniambia sifai," akasema. "Miaka yote. Mimi nimezizoea. Nazijibu, nyinyi ni ugonjwa, hamnijui. Daktari ndiye aliyenifundisha kuzijibu hivyo." Kidole gumba kiliendelea na kazi yake. "Halafu ikaja barua. Ina muhuri. Inasema sifai. Nikasema basi, kumbe zilikuwa kweli."

Hapo hakuna aliyecheka. Niliona haya, ndugu zangu, haya ya kweli, nikatamani lile bamvua linichukue na begi langu. Mtu anaweza kutumia miaka kumtoa mwenzake kisimani, kisha akamrudisha kwa karatasi moja.

"Andika nyingine," Bi Tima akasema.

Nikapinduliwa ndoo, nikatoa karatasi, nikapiga goti majini, nikaandika. Niliandika kwamba, kufuatia upungufu wa mawasiliano uliojitokeza, barua ya awali imebatilishwa. Bi Tima akaisoma, akanirudishia.

"Huyu Upungufu ni nani?" akauliza. "Hapa tunamjua Mwanajuma na tunakujua wewe. Mmoja wenu amekosea. Andika jina lake."

Nikamtazama Mwanajuma, nikamwuliza aandikiwe nini.

"Andika nafaa kazi," akasema. "Andika mikono imeharibiwa na dawa na itarudi. Andika wewe umekosea."

Katika miaka yote ya utumishi sikuwa nimewahi kuandika maneno hayo kwenye karatasi yenye kichwa. Nikaandika: "Mimi, Hamadi, muuguzi, nilikosea. Mwanajuma anafaa kazi ya mwani. Mikono yake imeathiriwa na dawa niliyopendekeza iongezwe, na itarudi." Nikafungua kibweta cha wino nikikiepusha na maji, nikapiga muhuri.

Bi Tima akaisoma kwa sauti. Akauliza nani anakubali Mwanajuma abaki na shamba lake, na wenzake wamsaidie kufunga mbegu mpaka mikono irudi. Maji yalikuwa yakigusa magoti. Mikono ikanyanyuka, yenye nyuzi na mbegu. Hata yule mwanamke aliyekuwa akilisubiri shamba akanyanyua wake, ingawa si juu sana. Kikao kikafungwa, wanawake wakaanza kukusanya ndoo.

Mwanajuma akamwomba Bi Tima ile barua. Akaisoma mwenyewe, polepole, kidole kikitetemeka chini ya kila neno. Akaitia kwenye mfuko wa plastiki, akaufunga, akaupachika ndani ya kanga, kifuani.

Nikamwambia barua hiyo ni ya kikundi, mwache mwenyekiti aiweke kwenye faili.

"Kikundi kimeshasikia," akasema. "Hii naenda kuzisomea zile sauti."